Shajara ya mradi: Kidevu cha Olive Oatman

2 Machi

Paneli za wazee wa Newala na Tandahimba zimeshachapwa, kwa hiyo leo nimeanza paneli ya mgeni. Ni picha ya studio ya Olive Oatman, binti wa familia ya walowezi wa Marekani, iliyopigwa na Benjamin F. Powelson katika studio yake ya 58 State Street, Rochester, New York, miaka ya mwanzo ya 1860. Ukiitazama juu juu ni picha ya mwanamke yeyote mwenye heshima zake wa zama zile: nywele zimetengwa katikati na kulazwa pande mbili, gauni limefunga hadi shingoni, mikono mirefu, uso umetulia. Kisha jicho linashuka kidevuni. Hapo kuna mistari ya wima inayoanzia chini ya mdomo na kushuka hadi mwisho wa kidevu, na ile ya kandoni imeshikiwa vipembetatu. Ni chale za Wamohave, watu wa mto Colorado.

Maonyesho yetu yanahusu nyuso zenye chale. Nimeitaka picha hii kwa sababu ndiyo inayosambaa kuliko zote za aina yake, na karibu kila mahali inaposambaa inabeba maelezo yaleyale: mateka mzungu aliyepigwa alama ya utumwa. Sitaki mtu wa Mtwara aje asome maneno hayo ukutani, kisha ageuke amtazame bibi wa Kimakonde kwenye paneli ya jirani.

Kazi iliyo mbele: kusafisha nakala ya kidijitali, kuamua kama itatiwa rangi, na kuandika maelezo mafupi. Hayo maelezo ndiyo mlima.

5 Machi

Leo ni kupanga habari zake kwa mfululizo.

Olive alizaliwa Illinois mwaka 1837. Baba yake, Royce Oatman, alimfuata James Colin Brewster, kijana aliyejitenga na Wamormoni na kuwaahidi wafuasi wake nchi ya amani karibu na makutano ya mto Gila na Colorado. Msafara wa watu wapatao tisini uliondoka Independence, Missouri, mwaka 1850. Njiani waligombana na kugawanyika. Kundi lililobaki kwenye njia ya kusini lilifika vijiji vya Wamaricopa na Wapima, makabila ya wenyeji wa huko, likiwa limechoka na chakula kimepungua, na wengi wakaamua kupumzika hapo. Royce akaendelea peke yake na mkewe mjamzito na watoto saba, ng'ombe wao wakiwa hoi.

Tarehe 18 Februari 1851, kando ya mto Gila, walivamiwa. Olive mwenyewe aliwataja washambuliaji kuwa Waapache. Wanahistoria wengi leo wanaona walikuwa Wayavapai, kabila jingine la eneo hilo. Wazazi na watoto wanne waliuawa. Lorenzo, kaka yake, alipigwa akaachwa wakidhani amekufa, naye akanusurika. Olive, aliyekuwa na miaka 13, na mdogo wake Mary Ann, aliyekuwa na miaka kama saba, walichukuliwa. Kwa mwaka mzima walibeba kuni na maji na kuonja fimbo. Kisha Wamohave wakaja, wakawabadilisha kwa bidhaa, wakawachukua hadi bonde lao la Colorado.

Hapo ndipo simulizi nyingi zinapokimbia, na hapo ndipo mimi nataka kukaa. Waliingizwa katika nyumba ya kiongozi aitwaye Espaniole, pamoja na mkewe Aespaneo na binti yao Topeka. Walipewa kipande cha ardhi na mbegu walime. Olive aliitwa Oach, jina la ukoo. Kwa Wamohave jina la ukoo hubebwa na wanawake wote wa ukoo huo, na mtu wa nje halipati hivi hivi. Akachanjwa chale kidevuni, na inaelezwa mikononi pia.

Baadaye ukame ukaleta njaa, watu wengi bondeni wakafa, na Mary Ann akafa miongoni mwao. Kwa kawaida Wamohave huchoma maiti. Olive alisimulia kwamba walimruhusu kumzika mdogo wake kwa desturi ya kwao. Na alisimulia kwamba Aespaneo ndiye aliyemnusuru yeye na njaa ile kwa kumpikia uji wa mahindi kutoka akiba iliyokuwa imefichwa kwa ajili ya kupandia. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi. Mtu anayekula mbegu zake ili mtoto wa kulea aishi, huyo si bwana wa watumwa.

Mwanzoni mwa 1856 Myuma mmoja, mtu wa kabila jirani, aitwaye Francisco, alileta ujumbe kutoka ngome ya Fort Yuma kwamba jeshi linamtaka Olive. Baada ya mabishano, Wamohave walimwachia kwa blanketi, shanga na farasi. Alikuwa na miaka 18.

8 Machi

Usafishaji. Picha hizi zilibandikwa kwenye kadi ndogo, karatasi yenyewe kama milimita 54 kwa 89. Umbo hilo lilisajiliwa na mpiga picha Disdéri huko Paris mwaka 1854, na kufikia miaka ya 1860 Marekani nzima ilikuwa ikikusanya kadi kama hizo kwenye albamu. Bei yake ilikuwa nafuu, ziliingia mfukoni, na kioo kimoja kiliweza kutoa nakala nyingi. Karatasi ilipakwa ute wa yai na chumvi, ikatiwa nitrati ya fedha, ikawekwa juani chini ya kioo. Ute wa yai ndio unaoleta ule umanjano wa picha za kale.

Nimeondoa mikwaruzo na madoa kwenye mandhari ya nyuma tu. Usoni sijagusa chochote, hata vidoadoa vidogo. Programu ya leo inayojisafishia yenyewe ingesawazisha kidevu kile kwa dakika moja na kula ncha za vipembetatu. Nimeizima. Ninafanya kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, asili ikibaki chini bila kuguswa.

Kumbukumbu kwa vijana wa studio wanaojifunza kukadiria umri wa kadi za Marekani: geuza nyuma. Kati ya Septemba 1864 na Agosti 1866 serikali ya huko ilitoza kodi ya stempu kwenye picha ili kulipia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mpiga picha alibandika stempu mgongoni mwa kadi akaipiga alama ya kalamu. Stempu ikiwepo, umepata dirisha la miaka miwili.

12 Machi

Leo nimefika kwenye jambo ambalo mpiga picha yeyote atalielewa haraka, na sijui kwa nini halitajwi mara nyingi zaidi.

Picha za wakati huo zilipigwa kwa kolodioni mbichi, kimiminika cha kunata kinachopakwa kwenye kioo, njia aliyoitangaza Frederick Scott Archer wa Uingereza mwaka 1851, mwaka uleule wa mauaji ya Gila. Kioo kinamiminiwa kolodioni, kinachovywa kwenye nitrati ya fedha, kinapigwa kikiwa bado kimelowa na kuoshwa palepale kabla hakijakauka. Mkao ulidumu sekunde kadhaa, na mara nyingi kulikuwa na chuma nyuma ya kichwa cha mteja ili asitikisike. Ndiyo maana nyuso za zama hizo ni kavu: nani atatabasamu bila kutikisika kwa muda huo wote?

Lakini la muhimu ni rangi. Kolodioni huona buluu na urujuani tu. Nyekundu na manjano huziona kama giza; buluu huiona kama mwanga. Macho ya buluu hutoka meupe kama yamefifia. Anga hutoka tupu. Madoa mekundu ya ngozi hutoka meusi kuliko yalivyo. Huko New Zealand, picha za kolodioni za Wamaori, wenyeji wa nchi hiyo, zilififisha chale zao za usoni, nyingine hazionekani kabisa, ingawa wenyewe walikuwa nazo wazi.

Sasa mtazame Olive. Chale zake zilikuwa za buluu. Simulizi iliyochapishwa kwa jina lake inaeleza namna zilivyofanywa: ngozi inachomwa kwa kijiti chenye ncha kali kwa safu ndogo ndogo hadi damu itoke, kisha kijiti kinachovywa kwenye utomvu wa mmea wa kando ya mto na kwenye unga wa jiwe la buluu lililochomwa hadi likakaribia kuwa jeusi, halafu unga huo unachomwa ndani ya vidonda. Rangi ya namna hiyo mbele ya kolodioni ilipaswa kutoka hafifu. Katika picha ya Powelson imetoka nyeusi, kali, kama imechorwa kwa kalamu.

Naamini zilikolezwa. Ama alipakwa kitu kidevuni kabla ya kukaa, ama mtu wa studio alipitisha penseli kwenye kioo baadaye. Zote mbili zilikuwa kazi za kawaida. Na sababu ipo wazi. Olive wakati huo alikuwa akizunguka miji akihutubia watu waliolipa kiingilio, na watu walikuja kuona kidevu. Picha ambayo kidevu hakionekani isingenunuliwa.

Hili halimaanishi kwamba mistari ni ya uongo. Nimeweka kando ya picha hii picha zake nyingine zinazojulikana, na mpangilio ni uleule. Mkoleza hufuata njia iliyopo. Ila linamaanisha kwamba tunachokiona ni chale za Wamohave zilizopitishiwa mkono wa soko la Rochester, na maelezo yangu lazima yabebe yote mawili.

16 Machi

Newala. Nimemchapia bibi nakala kubwa, kidevu kimekuzwa hadi ukubwa wa sahani, nikaenda nayo.

Bibi yangu alichanjwa akiwa msichana. Ana mistari ya pembe inayopanda mashavuni na moja kubwa kwenye paji. Kwa Wamakonde fundi alikata kwa kisu kidogo, akapaka masizi ya mbarika, jeraha likapona likiwa na buluu nzito iliyoinuka kidogo. Kazi ilirudiwa baada ya muda ili ikolee. Vizazi vilivyofuata karibu vimeiacha, ndiyo maana tunawapiga picha wazee hawa sasa.

Nilimpa picha bila kumwambia kitu. Aliishika karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Nani huyu?"

"Mmarekani, bibi. Wa zamani sana. Watu waliomlea ndio walimchanja."

"Walimlea?"

"Walimchukua kwa watu waliomteka, wakamlea. Kitabu chake kinasema walimtia alama ya mtumwa."

Akacheka kidogo, si cheko la dharau, ni la mtu anayejua kazi. Akapitisha ukucha juu ya mistari mmoja baada ya mwingine.

"Huyu alikaa, mjukuu wangu. Mtoto akishikwa kwa nguvu anatupa kichwa, fundi anapotea. Angalia hapa na hapa. Pamelingana. Fundi alikuwa na nafasi, naye alikuwa ametulia."

"Kwa hiyo alikubali?"

Alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo nimeliandika palepale nisije nikalibadilisha: "Mimi nilikaa kwa sababu wenzangu wote walikaa. Ulitaka nibaki peke yangu?"

Nikamwambia pia habari ya mkoleza picha na wasiwasi wangu kwamba huenda unyoofu tunaouona ni wa penseli. Hakuyumba. Akasema penseli inaweza kutia giza, haiwezi kunyoosha kilichopinda bila kuacha alama ya kilichopinda pembeni. Usiku nimerudia kuikuza nakala yenye ubora mkubwa kuliko zote nilizo nazo. Sikuona kivuli cha mstari wa pili popote.

20 Machi

Kuhusu kile kitabu.

Kilitoka mwaka 1857 kwa mkono wa Royal B. Stratton, mchungaji wa Kimethodisti wa California, aliyewahoji Olive na Lorenzo kisha akaandika kwa sauti yake. Kiliuzwa sana na kuchapwa tena. Fedha zake ziliwasomesha ndugu hao wawili kwenye Chuo Kikuu cha Pasifiki, kisha mwaka 1858 wote wakasafiri hadi New York na kazi ya mihadhara ikaanza. Ndani yake Wamohave wanatukanwa kurasa nzima kuwa wachafu na wakatili, halafu ghafla katikati ya matusi kinatokea kisa cha Aespaneo na uji, au cha wanawake waliomlilia Mary Ann. Mtu anaweza kusoma kitabu hicho na kusikia watu wawili ndani yake, mmoja akisimulia na mwingine akisahihisha kwa ukali.

Alama ya utumwa ni dai la kitabu hicho: kwamba Wamohave waliwachanja mateka ili wakitoroka watambulike. Lakini Wamohave walijichanja wenyewe, wanaume kwa wanawake, videvuni. Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi nao mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwamba waliamini mtu asiye na chale akifa hataingia mahali pa wafu wao, ataishia kwenye shimo la panya. Basi kumchanja mtoto ni kumwandalia njia ya kuwakuta waliomtangulia. Unayetaka kumuuza kesho, akhera yake haikuhusu.

Jambo la pili. Februari na Machi 1854 msafara wa serikali ukiongozwa na Amiel Whipple, uliokuwa ukipima njia ya reli, ulipita kwa Wamohave na kukaa siku kadhaa kwa amani. Walikuwa wazungu wengi, wenye silaha na magari. Olive hakujitokeza kwao. Wapo wanaosema alifichwa, wapo wanaosema hakutaka. Mimi nashikamana na hili: alikuwa na miaka 16, alikuwa na mdogo wake, na kwa kadiri alivyojua ndugu zake wengine wote walikuwa wamekufa. Kwao palikuwa hapo.

La tatu ni la New York, 1864. Irataba, kiongozi wa Wamohave, alipelekwa mashariki kumwona Rais Lincoln, na alipopitia New York Olive alikwenda kumwona. Walizungumza Kimohave. Baadaye Olive aliwaambia wasikilizaji wake kwamba walikutana kama marafiki. Miaka minane ilikuwa imepita, na katika muda huo jeshi lilikuwa limewapiga Wamohave na kujenga ngome kwenye ardhi yao mwaka 1859. Mwanamke anayelipwa kuwaeleza watu jinsi alivyoteswa anakwenda mwenyewe kumsalimu kiongozi wa wale waliomtesa. Nikipewa nafasi ya kuweka sentensi moja tu ukutani, nitaweka hiyo.

Sitaki nivuke mpaka na kuifanya hadithi tamu. Familia yake iliuawa mbele ya macho yake. Alikuwa mtoto aliyebadilishwa kwa bidhaa. Kukaa kimya chini ya kijiti cha fundi ukiwa huna pa kwenda ni jambo zito, na bibi amenipa maneno yake bora kuliko ya kitabu chochote.

24 Machi

Uamuzi wa rangi. Gauni sitalipaka. Kolodioni imeshakula ukweli wa rangi zake. Kijivu kile kinaweza kuwa kijani, zambarau au nyekundu ya damu ya mzee, na kuchagua moja ni kubuni. Mandhari ya nyuma na nywele vilevile.

Chale pekee zitatiwa buluu. Ile kavu ya masizi yaliyokaa ndani ya ngozi kwa miaka, niliyoipima kwa kupiga picha ya rangi mashavu ya bibi kwenye kivuli cha asubuhi na kuchukua wastani wake. Buluu ya kung'aa ya kompyuta haina nafasi hapa. Paneli itakuwa na picha mbili bega kwa bega: ya Powelson ilivyo, na hiyo yenye kidevu cha buluu. Chini yake mstari mmoja unaosema wazi kwamba rangi ni makadirio yetu na imetokana na uso wa nani. Bibi ameridhia.

Nimejaribu uchapaji kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa. Inapokea kijivu vizuri kuliko ile ya kung'aa, na buluu haipigi kelele.

29 Machi

Maelezo ya ukutani yamekamilika baada ya kusomwa na mwalimu wa historia wa sekondari ya jirani na fundi wetu wa fremu, ambaye ndiye msomaji mkali kuliko wote. Yeye ndiye aliyeniondolea neno "mateka" kwenye kichwa. Alisema likikaa juu, watu hawatasoma mengine. Limebaki ndani, mahali pake. Yanasomeka hivi:

"Olive Oatman, Rochester, New York, miaka ya mwanzo ya 1860. Picha ya Benjamin F. Powelson. Alitoka katika familia ya walowezi waliokuwa wakielekea magharibi ya Marekani. Mwaka 1851 wazazi wake na ndugu zake wanne waliuawa, naye na mdogo wake wakachukuliwa mateka. Mwaka mmoja baadaye Wamohave wa mto Colorado waliwachukua na kuwalea. Walimpa jina la ukoo na chale hizi, kama walizokuwa nazo wao wenyewe. Aliporudishwa kwa wazungu mwaka 1856, kitabu kiliziita alama ya utumwa, na picha kama hii ziliuzwa kwa waliotaka kuziona. Mwaka 1864 alikwenda kumsalimu kiongozi wa Wamohave, Irataba, wakazungumza kwa lugha yao. Aliolewa mwaka 1865, akaishi Sherman, Texas, akafa mwaka 1903. Wamohave wapo hadi leo kando ya mto uleule."

Fundi aliuliza kama tuseme kwamba Texas alikuwa akivaa shela akitoka nje, na kwamba inasemekana mumewe, John Fairchild, alichoma nakala za kitabu alizozipata. Nimeyaacha nje. Ya shela yatamfanya msomaji amwonee huruma kwa ajili ya chale, na ya kuchoma vitabu yatamfanya Fairchild kuwa mtu mkuu wa paneli.

Paneli itaning'inizwa katikati ya ile ya bibi na ile ya mzee wa Tandahimba mwenye ndonya, kile kipambo cha mdomo wa juu, kidevu cha Olive kikiwa usawa wa mashavu ya bibi. Fremu ni mninga, bila kioo ili taa isirudi machoni. Kilichobaki ni kurekodi maelezo hayo kwa sauti, Kiswahili na Kimakonde, kwa ajili ya wazee ambao hawasomi. Bibi ameomba upande wa Kimakonde ausome yeye, nikimtamkia mstari kwa mstari.